Umeme Usio na Mwenye Hisa: Nebraska na Bei ya Uniti Moja

Mwaka 2023 familia ya kawaida nchini Marekani ililipa wastani wa senti 16 za dola kwa kila uniti ya umeme iliyotumia nyumbani. Familia iliyoishi Nebraska ililipa kama senti 11. Nebraska haina bahari wala bandari, na haina hata mgodi mmoja wa makaa ya mawe. Ina mahindi, ng'ombe, upepo usiochoka na mto Platte, ambao kina chake hakimfikii mtu mzima kiunoni katika sehemu nyingi. Watu wake ni kama milioni 2, nao wametawanyika katika eneo la kilomita za mraba 200,000. Zaidi ya nusu yao wamejazana Omaha, Lincoln na viunga vyake. Huko kwingine kote ni nguzo, nyaya na nyasi.

Mtu anayejua biashara ya umeme atashangaa. Nguzo haijui kama imebeba umeme wa nyumba 50 au wa nyumba moja. Gharama ya kuisimika ni ile ile. Kaunti ya Cherry, kaskazini mwa jimbo hilo, ina ukubwa wa kilomita za mraba 15,500 hivi, yaani inauzidi mkoa mzima wa Kilimanjaro. Sensa ya mwaka 2020 ilikuta humo watu wasiozidi 5,500. Wakilimanjaro walipohesabiwa mwaka 2022 walikuwa zaidi ya milioni 1.8. Kupeleka umeme Cherry ni kuvuta waya kilomita kwa kilomita ili kumfikia mfugaji mmoja, kisha kuendelea na safari kumtafuta mwenzake.

Jibu linalotolewa haraka, hasa na Wanebraska wenyewe, ni kwamba jimbo lao ndilo pekee kati ya yote 50 ya Marekani ambako kila nyumba na kila duka linauziwa umeme na chombo cha umma au cha ushirika. Hakuna kampuni ya wenye hisa inayopeleka bili kwa mteja hata mmoja. Watoa huduma ni zaidi ya 160: miji inayojiendeshea umeme wake, vyama vya ushirika, na kile kinachoitwa wilaya za umeme wa umma. Wilaya hizi hazina mkuu wa wilaya wala polisi. Ni mashirika yenye mipaka yake, mitambo yake na bodi ya wakurugenzi inayopigiwa kura na wakazi, katika karatasi ile ile wanayotumia kumchagua gavana.

Jibu hilo lina ukweli, lakini halijitoshelezi, na sehemu ya mhadhara huu ni kuonyesha lilipopungukia.

Historia yake inaanza na mtu aliyekuwa king'ang'anizi kupita kiasi. George Norris alizaliwa Ohio mwaka 1861, akahamia Nebraska akiwa wakili kijana, na kuanzia mwaka 1913 hadi 1943 akaliwakilisha jimbo hilo katika Seneti. Alikuwa wa chama cha Republican, ila wa aina ambayo chama chenyewe hakikujua kimfanye nini. Miaka ya 1920 Henry Ford alipotaka kuchukua bwawa na viwanda vya serikali vya Muscle Shoals huko Alabama kwa bei ya kutupa, Norris alimzuia. Akapeleka miswada ya kutaka umeme wa maji ya mto Tennessee ubaki mali ya umma. Rais Coolidge akaukataa mmoja, Rais Hoover akaukataa mwingine. Roosevelt alipoingia mwaka 1933 ndipo ilipoundwa mamlaka ya bonde la Tennessee, na bwawa lake la kwanza likapewa jina la Norris. Huyo huyo ndiye aliyewashawishi Wanebraska mwaka 1934 wafute chumba kimoja cha bunge lao, na mpaka leo ndilo bunge la jimbo pekee Marekani lenye chumba kimoja.

Wakati ule mkulima wa Marekani alikuwa gizani, bila mafumbo. Katikati ya miaka ya 1930 karibu nyumba 9 kati ya 10 za mjini zilikuwa na umeme. Mashambani ilikuwa kama moja kati ya 10, na Nebraska ilikuwa chini hata ya hapo. Kampuni binafsi zilimwambia mkulima kwamba zikivuta waya mpaka kwake hazitarudisha gharama, labda ajilipie mwenyewe, na kiasi kilichotajwa kilifika dola 2,000 kwa maili moja. Shamba zima halikuwa na thamani ya kubeba deni hilo katika miaka ya mdororo na vumbi. Basi mkulima akaendelea na taa ya mafuta, na mkewe akaendelea kupiga maji kwa pampu ya mkono na kufua kwa mikono.

Mei 1935 Roosevelt alianzisha wakala wa umeme vijijini, na mwaka uliofuata Norris pamoja na Sam Rayburn wa Texas wakaupatia sheria. Wakala haukujenga laini wala kuuza uniti. Ulikopesha. Waliokopa walikuwa hasa wakulima wenyewe waliojiunga katika ushirika au wilaya, na wahandisi wa wakala wakawaonyesha namna ya kupunguza gharama: nguzo ziwe mbali zaidi, waya uwe imara zaidi, vifaa viwe vya aina moja nchi nzima. Gharama ya maili moja ikashuka chini ya dola 1,000. Mwaka 1944 Bunge la Marekani likaweka riba ya asilimia 2 na muda wa kulipa wa miaka 35. Kwa mkopo wa namna hiyo hata Cherry inafikika.

Nebraska ilikuwa imeshajiandaa. Sheria yake ya mwaka 1933 iliruhusu wananchi kuunda wilaya za umeme, na mabwawa yakaanza kujengwa kwa fedha za shirikisho. Kubwa kuliko yote ni Kingsley, karibu na mji wa Ogallala, lililokamilika mwaka 1941 na kuzaa ziwa McConaughy. Mabwawa yalikuwa na umeme lakini hayakuwa na wateja wa kutosha, kwa kuwa wateja wa mijini walikuwa mikononi mwa kampuni binafsi. Suluhisho lilikuwa kuzinunua hizo kampuni. Bahati ikawa upande wao: sheria ya shirikisho ya mwaka 1935 ilikuwa inavunja makampuni makubwa yaliyomiliki kampuni juu ya kampuni, na mengi yalilazimika kuuza. Wilaya zikatoa hatifungani, wawekezaji wakazinunua, na kwa fedha hizo kampuni zikachukuliwa moja baada ya nyingine. Omaha ilikuwa ya mwisho kati ya kubwa, mwaka 1946.

Hapa inafaa kusimama kidogo, maana msikilizaji anaweza kudhani anasimuliwa habari za nchi ya kijamaa. Nebraska haijampa mgombea urais wa Democratic ushindi wa jimbo zima tangu mwaka 1964. Watu wake hawapendi serikali ya Washington, hawapendi kodi, na wanazungumzia soko huria kama wengine wanavyozungumzia dini. Lakini jaribu kuwaambia wauze wilaya yao ya umeme.

Sasa turudi shambani, mwezi Julai. Nebraska ina ardhi ya umwagiliaji kubwa kuliko jimbo lolote la Marekani, zaidi ya hekta milioni 3. Chini ya ardhi hiyo kuna hifadhi kubwa ya maji ya Ogallala, na maji hayo hayapandi yenyewe. Katikati ya shamba kuna kisima chenye pampu, na kutoka kisimani linatoka bomba refu la karibu mita 400 lililobebwa na minara yenye magurudumu, likizunguka polepole kama mshale wa saa. Mtambo huo ulipewa hataza mwaka 1952 kwa jina la Frank Zybach, aliyekulia Nebraska, na kiwanda cha mji wa Valley, karibu na Omaha, ndicho kilichousambaza duniani. Mtu aliyepita juu kwa ndege ameona duara za kijani zilizopangwa kwenye miraba. Kila duara ni hekta 50 hivi.

Mahindi yanapotoa mbelewele, kila mkulima anataka maji siku ile ile na saa ile ile, nayo ndiyo saa ambayo watu wa mjini wamewasha viyoyozi. Msambazaji wa kijijini hanunui umeme wa jumla kwa kuhesabu uniti peke yake. Sehemu nzito ya bili anayoletewa inategemea kilele, yaani ile saa moja ambayo wateja wake wote kwa pamoja walivuta umeme mwingi kuliko saa nyingine yoyote. Pampu 1,000 zikinguruma kwa pamoja alasiri moja ya joto, alasiri hiyo inaweza kuharibu hesabu ya miezi mingi, hata kama wiki iliyofuata mvua inanyesha na pampu zote zinanyamaza.

Kwa hiyo kwenye kisima hufungwa swichi inayoamriwa kwa redio. Mchana mzigo unapokaribia kilele, ofisi ya wilaya inatuma amri, na pampu za kundi fulani zinazimika kwa saa kadhaa. Baadaye zinarudi, na kundi jingine linapumzika. Mkulima ndiye anayechagua mwanzoni mwa msimu. Akikubali kuzimiwa siku yoyote, bei yake inashuka sana. Akikubali siku chache tu kwa wiki, inashuka kidogo. Akisema asiguswe kabisa, analipa bei kamili. Mwenye udongo wa kichanga, unaokauka upesi, anafikiri mara mbili kabla ya kutia saini, kwa sababu saa chache za kiu wakati wa mbelewele humpunguzia mavuno. Mwenye udongo mzito na kisima chenye nguvu anachukua punguzo bila wasiwasi.

Mpango huu ni wa miongo kadhaa sasa, na ulifanya kazi kabla mtu yeyote hajaanza kuhubiri habari za gridi zenye akili. Wala haukuletwa na mshauri. Waliokaa mezani kuupanga walikuwa wakurugenzi ambao wengi wao nao wana visima. Ni vigumu kumdanganya mtu kuhusu pampu ikiwa mwenzio wa bodi anaamshwa usiku na ya kwake.

Umeme wenyewe unatoka wapi? Karibu nusu yake unatoka kwenye makaa ya mawe. Kituo kikubwa kuliko vyote ni Gerald Gentleman, karibu na kijiji cha Sutherland, chenye mitambo miwili na uwezo wa megawati 1,365. Makaa yake yanaletwa na treni kutoka bonde la Powder River, jimbo jirani la Wyoming, ambako tabaka la makaa ni nene na liko karibu na uso wa ardhi, hivi kwamba kazi ni kuondoa udongo na kuchota. Si mbali na kituo hicho, mjini North Platte, uko uwanja wa Bailey, mkubwa kuliko viwanja vyote vya kupanga mabehewa duniani. Makaa ya bei ya chini, reli iliyopo tayari, safari fupi: hapo ndipo penye sehemu kubwa ya siri ya senti 11. Kusini mashariki, kando ya mto Missouri, kinu cha nyuklia cha Cooper kimekuwa kikizalisha tangu mwaka 1974, karibu megawati 800.

Na hapa ndipo sifa za umiliki wa umma zinapohitaji kupunguzwa chumvi. Wyoming na North Dakota, ambako kampuni za wenye hisa zipo na zinafanya biashara, nazo zina bei zinazokaribiana na za Nebraska. Anayeishi jirani na makaa hayo anapata nafuu hata kama mwenye nguzo ni tajiri wa mjini. Kuna pia misaada isiyoonekana kwenye bili. Mabwawa ya serikali ya shirikisho kwenye mto Missouri, kama lile la Gavins Point, huuza umeme wake wa bei nafuu kwa vyombo vya umma na ushirika kwanza. Mnunuzi wa hatifungani za wilaya hatozwi kodi ya mapato ya shirikisho kwenye riba, kwa hiyo anakubali riba ndogo. Faida haigawiwi. Ukijumlisha hayo matatu unapata pengo halisi kati ya umeme wa umma na wa binafsi, nalo si la miujiza.

Mwenye mali, tena, ndiye mwenye hasara. Kaskazini ya Omaha kulikuwa na kinu kingine cha nyuklia, Fort Calhoun, kilichoanza mwaka 1973. Mwaka 2011 mto Missouri ulifurika ukakizunguka. Kilikuwa kimezimwa tayari kwa ajili ya kuwekewa mafuta mapya ya nyuklia, na hakikuwaka tena mpaka Desemba 2013. Kufikia hapo gesi ya bei rahisi ilikuwa imeshusha bei ya umeme sokoni, na kinu kidogo cha megawati 478 kilikuwa na wafanyakazi na walinzi karibu sawa na kinu kikubwa mara mbili. Oktoba 2016 kikafungwa kabisa. Kukibomoa na kukisafisha ni kazi ya zaidi ya dola bilioni 1. Kampuni binafsi ingegombana na wenye hisa wake kuhusu nani abebe mzigo. Omaha hakuna wa kugombana naye. Wateja ndio wanaolipa.

Upepo nao ulipita juu ya vichwa vyao kwa miaka mingi. Iowa, ng'ambo ya Missouri, inapata zaidi ya nusu ya umeme wake kutokana na upepo. Nebraska, yenye upepo mkali vile vile, imefika kama asilimia 30 tu, na ilichelewa sana kuanza. Sababu moja ni ya kihasibu kabisa: tangu mwaka 1992 serikali ya Marekani imekuwa ikiupa msukumo upepo kwa kupunguza kodi, na shirika lisilolipa kodi halina cha kupunguziwa. Mashamba mengi ya upepo ya Nebraska kwa hiyo ni ya wawekezaji binafsi, ambao huyauzia mashirika ya umma. Mwaka 2022 sheria mpya iliruhusu vyombo vya umma kulipwa fedha taslimu badala ya nafuu ya kodi. Miaka 30 ilikuwa imepita.

Wala kura haikuondoa ugomvi. Kaskazini mwa jiji la Omaha, mtaa wa Wamarekani weusi alikozaliwa Malcolm X mwaka 1925, kuna kituo cha zamani cha makaa. Wakazi walilalamikia moshi kwa miaka. Bodi ya wilaya ya umeme ya Omaha iliamua kwamba mitambo mitatu ya kwanza iache makaa, na mwaka 2016 ikaacha. Miwili iliyobaki ilipangiwa mwisho wa mwaka 2023. Agosti 2022 bodi ikasogeza tarehe hiyo mpaka 2026, ikieleza kwamba mahitaji yanapanda na mitambo mipya ya gesi haijakamilika. Mahitaji hayo yanachangiwa na vituo vikubwa vya kuhifadhi data vilivyojengwa kusini mwa jiji, kimoja kikiwa cha Meta. Kwa wakazi wa kaskazini hesabu ilikuwa rahisi: mteja mpya yuko kusini, moshi uko kaskazini. Walilisema hilo mbele ya bodi, katika kikao cha wazi, na wakashindwa. Kwa kampuni binafsi wasingepata hata huo wasaa wa kushindwa hadharani, lakini hiyo ni faraja ndogo kwa mtoto mwenye pumu.

Magharibi ugomvi ni wa laini. Shirika kubwa la umeme wa umma la jimbo lilipanga kuvuta njia ya msongo wa kilovolti 345 kukatisha vilima vya mchanga vya Sandhills, zaidi ya kilomita 350. Wafugaji waliona magari mazito yatachana nyasi zinazoshikilia mchanga usipeperuke. Juni 2020 jaji wa mahakama ya shirikisho alitengua kibali, na mradi ukakwama. Waliopinga walikuwa, kisheria, wenye mali wanaoupinga mradi wa shirika lao wenyewe.

Februari 2021 baridi kali kutoka ncha ya kaskazini iliishukia Marekani ya kati. Texas, ambayo gridi yake imejitenga na majimbo mengine, ilikosa umeme kwa siku kadhaa, na watu zaidi ya 200 walikufa. Nebraska, iliyojiunga mwaka 2009 na gridi ya pamoja ya majimbo ya kati, iliagizwa kuzima wateja kwa zamu ili kuokoa gridi yote. Tarehe 15 na 16 ulikuwepo mgao, wa saa moja hivi kwa kila eneo. Wanebraska walikasirika sana. Mitambo yao ilikuwa inafanya kazi, iweje wazimiwe kwa ajili ya Oklahoma? Swali hilo liliulizwa bungeni Lincoln na kwenye mikutano ya bodi. Jibu la wahandisi lilikuwa kavu: gridi ile ile iliyowazimia saa moja ndiyo inayowaletea umeme siku mitambo yao inapoharibika. Msikilizaji wa Dar es Salaam, ambaye mgao anaujua tangu utoto, ataona hasira ile ni ya watu waliozoea vizuri.

Afrika Mashariki haiko mbali na habari hii. Tanzania ilitunga sheria ya nishati vijijini mwaka 2005 na kuunda wakala ambao wanakijiji wanauita REA, herufi zile zile za wakala wa Roosevelt. Nguzo zimefika maelfu ya vijiji. Lakini njia iliyochaguliwa ni nyingine: wakala unagharamia ujenzi, TANESCO, shirika la umeme la taifa, inapokea wateja, na mwanakijiji anabaki mnunuzi wa luku. Jaribio la wateja kumiliki lilifanyika pia. Miaka ya 1990 wakazi wa Urambo, mkoani Tabora, waliunda ushirika wa watumiaji umeme na kuendesha jenereta za dizeli. Waliweza kuendesha ofisi, kusoma mita na kukusanya ada. Kilichowaelemea ni dizeli, kwa sababu ushirika haubadilishi bei ya pipa. Urambo haikuwa na makaa ya Wyoming jirani, wala bwawa la serikali la kuiuzia umeme wa jumla, wala mkopo wa miaka 35. Mtu anayesifu mfano wa Nebraska bila kuvitaja hivyo vitatu anauza debe tupu.

Leseni ya kinu cha Cooper inafikia ukomo mwaka 2034. Vituo vya data vinaendelea kuomba megawati, na makaa ya Sutherland yana maadui wengi kuliko zamani. Shirika kubwa la jimbo lina wakurugenzi 11 na lile la Omaha lina 8, wote wa kuchaguliwa. Vijijini si ajabu kukuta kiti cha bodi kina mgombea mmoja tu, na wapiga kura wengi hufika mwisho wa karatasi wakiwa wamechoka, wakaacha mahali hapo patupu. Ndio hao hao watakaoletewa bili ya chochote kitakachoamuliwa.